Siku Waridi la Shangazi Lilipoanguka

Mvua ya kwanza ya Novemba 1994 iliingia Tabora usiku, na upepo wake. Kulipokucha waridi la shangazi lilikuwa limelala kifudifudi uani, limeangukia wigo uliolibeba miaka yote. Fito zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa ndani, juu zinaonekana nzima. Nje watoto wa majirani walikuwa wakikimbizana na kumbikumbi. Mimi nilibaki mlangoni, nikaogopa hata kumwamkia.

Nilikuwa na miaka 12, nimeletwa kwake mtaa wa Cheyo nisome. Waridi lile ndilo nililolipenda kuliko kitu chochote katika nyumba ile. Lilikuwa jekundu, lenye harufu, la ile aina inayopanda, na lilikuwa limelipita paa la jiko. Alipewa kijiti chake na jirani wa kota za reli, akakichomeka, kikashika. Chini yake alipanda maua ambayo sisi tuliyaita maua ya pilipili, ya rangi ya chungwa na manjano, kwa kuwa majani yake ukiyatafuna yanawasha ulimi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba yanaitwa nastashiamu na asili yake ni Amerika Kusini, huko milima ya Andes. Kiangazi kizima tuliyanywesha maji ya kuogea. Mbolea hakuyapa hata chembe. Alisema yakishiba yanatoa majani matupu. Samadi yote ya mbuzi ilikwenda kwa waridi.

Shangazi hakulia wala hakugombeza. Alijifunga kanga kiunoni, akachukua kisu.

“Shika hapa, baba. Taratibu, lina miiba.”

Tulianza kuyatenganisha, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukitazama. Maua ya pilipili yalikuwa yamepanda ndani ya waridi bila kufungwa na mtu. Kila kikonyo cha jani kilikuwa kimejizungusha kwenye tawi mara moja na nusu, kama kidole cha mtoto kinavyoshika kidole cha mama. Juu ya jani lenyewe, duara, tone la mvua lilikuwa halijalowesha kitu. Nilipoliinamisha jani, tone likaviringika mzima mzima mpaka ukingoni, likadondoka, na jani likabaki kavu. Nikainamisha jingine. Shangazi akaniachia, akasubiri.

Waridi, akaniambia, halina mkono wa kushikia. Lina miiba tu ya kujiegemeza, kwa hiyo lazima mtu alifunge. Na aliyelifunga mwanzo alitumia waya. Ulikuwa umezama kwenye gome mpaka umeacha kovu jeusi. Tulizikata zile waya zote. Akachana kanga yake kuukuu vipande vyembamba, akanionyesha kufunga kwa namba nane, tawi liwe upande mmoja na msumari upande wa pili, pabaki nafasi ya shina kunenepa.

Nilidhani tutalisimamisha kama zamani. Yeye akayalaza matawi marefu ubavuni mwa ukuta wa matofali, moja kushoto, moja kulia, karibu sawa na ardhi.

“Shangazi, mbona tunalilaza tena?”

“Likisimama linachanua kileleni tu, wanaofaidi ni kunguru. Likilala, kila kifundo kinaamka.”

Ni kweli, na sababu yake niliielewa nilipokuwa mkubwa: ncha ya tawi iliyo juu huyazuia macho ya pembeni yasichipue, na ukiliinamisha tawi, kizuizi kile kinalegea. Shangazi hakusoma popote. Aliwahi kuona tawi moja lililoinamishwa na uzito wa mvua, akaona lilivyochanua.

Kazi ilituchukua mpaka adhuhuri, mikono imechanika. Maua ya pilipili hayakupona, mashina yake ni laini, yanakatika kama tembele. Tuliokota mbegu zilizokunjamana, zinazokaa tatu tatu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Majani mabichi aliyakatia kwenye kachumbari ya mchana. Nilikula mpaka machozi yakanitoka.

Januari, asubuhi moja kabla sijavaa viatu, aliniita uani. “Njoo uone, baba.” Ukuta wote ulikuwa na vitumba, kwenye kila kifundo, kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye pipa la maji, na chini yake miche ya maua ya pilipili ilikuwa imeota yenyewe, tayari imekamata vitambaa vya kanga. Tulianza kuhesabu, yeye upande huu, mimi upande ule. Siku ile nilichelewa shule.