Boga la kutazama

Mama yangu yuko Muheza, mie niko mji mdogo karibu na Ludwigsburg, kusini mwa Ujerumani. Kila Jumapili akishaswali adhuhuri tunapigiana simu ya video. Vuli ya mwaka wa kwanza niligeuza simu ili aone kilichokuwa mezani: maboga kumi na moja. Dogo kuliko yote liliingia kiganjani kama andazi, jingine la rangi ya maziwa lilikuwa na vipembe kama taji, mengine yalikuwa na mabaka ya kijani na njano utadhani mtoto kayapaka rangi. Mama akatazama, akasogeza miwani, akauliza neno moja tu.

"Yanaliwa?"

"Hapana, Mama. Haya ni ya mapambo. Ya kutazama tu."

"Boga la kutazama! Kwani hilo televisheni?"

Dada zangu walikuwa nyuma yake, wakacheka mpaka simu ikaanguka. Tangu siku hiyo kwenye kundi letu la familia mie ni Baba Televisheni.

Simlaumu. Mie mwenyewe nimekua nikijua boga la aina moja, lile linalotambaa katikati ya mahindi bila kuombwa ruhusa. Majani yake mboga, mbegu zake hukaangwa, lenyewe hupikwa kwa nazi mwezi wa Ramadhani. Boga halikuwa kitu cha kustaajabiwa. Mpaka siku moja ya mapumziko (naendesha basi la mjini, siku za mapumziko ni adimu) mke wangu akanipeleka kwenye maonyesho ya maboga, katika bustani za kasri la Ludwigsburg. Yanafanyika pale kila vuli tangu mwaka 2000, na aina za maboga zinazopangwa ni mamia. Kila moja na jina lake. Kuna la Kifaransa liitwalo Galeux d'Eysines, ngozi yake ya waridi imejaa vinundu kama njugu, na wanasema vinundu hivyo ni sukari iliyojitokeza juu ya ganda. Kuna lile ambalo Waingereza huliita kilemba cha Mturuki, jekundu chini, na juu limechomoza donge lenye milia myeupe na ya kijani. Wajerumani hulohulo huliita kofia ya askofu. Boga moja, dini mbili. Nilisimama mbele yake mpaka mke wangu akaenda kununua supu, akarudi, akanikuta palepale.

Tatizo ni kwamba sina shamba. Tunakaa chini kabisa kwenye jengo la ghorofa tatu, na nyuma tuna kipande cha ardhi cha mita nne kwa tatu. Boga likiachwa litambae lingemaliza kipande chote na kuingia kwa jirani. Kwa hiyo yangu hayatambai, yanapanda. Nilijenga kichanja cha miti na wavu wa chuma, kirefu kunizidi, na kila shina nikalielekeza juu kwa kamba. Madogo yananing'inia yenyewe bila shida. Makubwa yanahitaji kubebwa. Mke wangu alitoa khanga iliyochakaa, tukaipasua vipande, tukafunga kama mbeleko. Bibi jirani, mwenye zaidi ya miaka themanini, aliuliza maandishi yale yanasema nini. Boga langu la kwanza la kilemba lilikuwa limelala ndani ya "Hasidi hana sababu". Nilivyomtafsiria alicheka, akaniambia niielekeze upande wa ghorofa ya pili.

Huyu bibi ndiye mwalimu wangu. Mwaka wa kwanza nilitoa miche nje mwishoni mwa mwezi wa nne kwa sababu jua lilikuwa linawaka. Alinitazama kwa huruma, akanitajia Watakatifu wa Barafu, siku zinazoanzia tarehe 11 mpaka 15 Mei, na ya mwisho wanaiita Sofia wa Baridi. Kabla ya huyo Sofia kupita, boga halitoki nje. Nikadhani ni imani za wazee. Usiku mmoja tu barafu ikashuka, asubuhi miche yote imelala kama mchicha uliochemshwa. Sasa nasia mbegu kwenye vikombe vya mtindi, dirishani, katikati ya Aprili, na namsubiri Sofia kwa adabu zote.

Sofia akishapita wanakuja konokono, wale wasio na nyumba mgongoni. Sina la kusema juu yao ambalo naweza kuliandika hapa.

Kuna methali tunaisema tangu utotoni, ukipenda boga penda na ua lake. Mie niliisema miaka arobaini bila kujua kwamba boga lina maua ya namna mbili. Ua dume limesimama kwenye kikonyo chembamba, ua jike lina kiboga kidogo tayari chini yake, na kiboga hicho kisipopata chavua kinageuka njano na kudondoka. Nyuki wakiwa wachache, kazi ni yako. Maua hufunguka alfajiri, na jua likipanda sana yanajifunga. Basi mwezi wa saba, kabla ya zamu, saa kumi na moja na nusu alfajiri niko bustanini na sare ya kazi, nimechuma ua dume, nimelivua petali zake, napaka chavua kwenye ua jike. Jirani wa ghorofa ya pili amenikuta hivyo mara mbili. Hajauliza, nami sijaeleza.

Niliyoyasema mpaka hapa ni raha. Sasa niseme lililonitia hofu, na kama una bustani ndogo kama yangu, hapa usiruke.

Mwaka wa pili nilipanda pia zukini, yale mamumunye madogo ya kijani wanayopenda kupika huku. Moja nililiacha likakomaa, nikaanika mbegu, nikajisifu kwamba nimeokoa hela. Mwaka wa tatu nikazipanda. Matunda yakatoka mazuri, labda yamepauka kidogo na yana milia. Tulikuwa na wageni Jumamosi, nikayapika kwa tui, kitunguu na bizari. Nikaonja chunguni. Chungu! Si chungu ya kuunguza, ni chungu ya shubiri, inayong'ang'ania ulimi mpaka nyuma. Nikadhani tui limeharibika, nikaongeza jingine. Nikaongeza chumvi. Nilikuwa nakaribia kuongeza sukari mke wangu alipoonja nusu kijiko, akatema, akasema, "Mwaga." Tukawapa wageni wali kwa maharage.

Kesho yake bibi jirani aliposikia, hakucheka. Akanieleza habari ya Heidenheim, mji ambao haufiki hata kilomita mia kutoka hapa. Mwaka 2015 mzee wa miaka 79 alikula zukini za bustanini zilizokuwa chungu, akafa kwa sumu. Mkewe alikula kidogo, akapona. Sumu yenyewe huitwa kukubitasini. Mimea ya jamii ya maboga ilikuwa nayo tangu porini, ya kujikinga na wadudu na wanyama, na binadamu ameiondoa kwa kuchagua mbegu tamu vizazi na vizazi. Maboga mengi madogo ya mapambo bado yanayo. Na zukini na maboga hayo ya mapambo ni ndugu wa damu, aina moja ya mmea. Nyuki akitoka kwenye ua la huyu kwenda kwa yule, amefungisha ndoa.

Watu wengi hukosea hapa. Zukini la mwaka huu haliwi chungu kwa kupandwa karibu na boga la mapambo, kwani nyama ya tunda ni ya mama yake. Kilichobadilika kimo ndani ya mbegu. Hatari inakuja ukiipanda mbegu ile mwakani, kama nilivyofanya mie bahili. Na moto hauiondoi sumu hiyo, wala chumvi, wala tui. Siku hizi mbegu za kula nanunua dukani kila mwaka. Na zukini lolote, hata la kupewa, nakata kipande kidogo kibichi nagusisha ulimini kabla ya kuwasha jiko. Likiwa chungu natema, na lote linakwenda kwenye pipa.

Kilemba chenyewe, kwa taarifa ya Mama, kinaliwa. Ni aina nyingine ya boga. Nilimpikia mke wangu, na ladha yake ni kama karatasi iliyolowa. Bora kutazamwa.

Mwaka jana nilinunua mbegu za kitu kilichoandikwa kwenye pakiti "batabukini mwenye madoa". Picha yake ni kama ndege mwenye shingo ndefu iliyopinda. Nilipanda, likapanda kichanja, na jioni moja nikitoka kazini nikakuta maua meupe yamefunguka gizani wakati ya maboga yote yamelala. Nikasimama. Maua haya nayajua. Nikavunja jani, nikanusa. Kibuyu! Nimelipa yuro nne kwa mbegu tano za kibuyu. Maboga asili yao ni Amerika, yalifika kwetu kwa meli, lakini kibuyu ni cha Afrika kabisa, na hapa bibi jirani anakileta wageni wake kukiona kama kitu cha ajabu.

Joto la huku halikitoshi, kilizaa viwili tu na kimoja kikaoza. Cha pili nilikichuma kabla ya barafu, nikakiweka kwenye rafu karibu na tangi la maji moto. Kilifanya ukungu mweusi, mke wangu akataka kukitupa, nikakifuta nikakirudisha. Miezi mitano. Mwezi wa tatu nikakitikisa, mbegu zikalia ndani.

Jumapili nikamtikisia Mama kwenye simu. Akawaita dada zangu.

"Hicho nacho cha kutazama?"

"Bibi jirani anataka akipake vanishi, akiweke dirishani."

"Vanishi! Kitoboe ubavuni, weye. Shingo ndiyo mpini. Toa mbegu, loweka maji siku tatu uondoe uchungu, upate kata."

Nimekitoboa. Kinabeba karibu lita moja, na miche ya mwaka huu nainywesha kwa hicho.