Jumapili ya Hamburg

Jumapili hapa Hamburg maduka karibu yote yamefungwa, na sisi wa fildi, yaani mafunzo kazini, posho inaishia kwenye kodi ya chumba. Starehe yangu ni feri namba 62. Tiketi ileile ya treni unapanda nayo Landungsbrücken mpaka Finkenwerder, upepo wa mto Elbe unakuchapa masikio, meli za makontena zinapita karibu hadi unasoma majina. Mtu wa Kigamboni najiona niko kwenye pantoni, ila hakuna muuza karanga na jirani hakusemeshi ng'o!

Halafu chupa tupu za maji usitupe jamani. Mashine ya supamaketi inakulipa hadi senti 25 za euro kwa chupa. Nina mfuko mzima nyuma ya mlango, kesho nikitoka ofisini nazigeuza mkate.