Mfuatie: kwa mama anayesubiri majibu ya mimba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, dada zangu na ndugu zangu katika imani.

Dada mmoja wa darsa letu hapa Lamu ameniomba wiki hii tulizungumze jambo ambalo wengi hulibeba kimya. Mimba yake ni ya miezi mitano. Amepigwa picha ya tumbo kwa mashine (ultrasound), na daktari ameona kitu ambacho hakuweza kukipa jina la uhakika. Ameambiwa arudi baada ya wiki nne, na ikibidi aende Mombasa. Wiki nne ni nyingi mno kwa mtu ambaye mtoto anamchezea tumboni usiku na mchana. Ameniruhusu niliseme hili bila kumtaja, na ninalisema kwa sababu si yeye peke yake.

Nimechagua aya ya 7 mpaka ya 13 za Suratul Qasas, kisa cha mamake Nabii Musa, alayhis salaam. Sijui mahali pengine ndani ya Qur'ani ambapo khofu ya mama juu ya mtoto wake imesimuliwa kwa ukaribu kama huu.

Firauni alikuwa akiwachinja watoto wa kiume wa Bani Israili. Mwenyezi Mungu akamtia mama huyu moyoni mwake neno: mnyonyeshe, na ukimkhofia mtie mtoni, usiogope wala usihuzunike, tutakurudishia, na tutamfanya mmoja wa Mitume. Itazameni ahadi hiyo. Ameambiwa mtoto atarudi, tena ameambiwa atakuja kuwa nani. Hakuna mama kati yetu aliyewahi kupewa jibu la wazi namna hiyo. Akatii, akamtia mtoto ndani ya sanduku, akaliachia majini. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana yake. Tunajua maji yakianza kwenda pale kwenye mkondo wa Mkanda yanavyochukua kitu, na jinsi jicho linavyokifuata mpaka kisionekane tena.

Kulipokucha, inasema aya ya 10, moyo wake ulikuwa mtupu. Alikuwa karibu kuitoboa siri, lau Mola wake asingalimkaza moyo.

Mimi hukaa sana hapa. Huyu ni mwanamke aliyepewa ahadi na Mwenyezi Mungu mwenyewe, akaiamini, akaifanyia kazi. Bado moyo ulimtoka. Na Qur'ani haikumlaumu kwa hilo hata kwa neno moja. Haikusema imani yake ilipungua. Imetaja hali yake kama ilivyokuwa, kisha ikataja aliyemshika. Basi dada, ukiwa huli, hulali, unasahau rakaa ya ngapi, na kuna mtu amekwambia uache kwikwi hizo kwa sababu muumini haogopi, msomee aya hiyo.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu sitaki kumpa mtu matumaini ambayo sina mamlaka ya kuyatoa. Mamake Musa aliahidiwa kurudishiwa mtoto wake. Mama wa Langoni, au wa Faza, au wa Mokowe, hakuahidiwa kwamba picha ya pili itakuwa safi. Naomba tuache kuwaambia wenzetu "hakuna kitu, utaona" kana kwamba tumeteremshiwa habari. Tulicho na haki ya kukiomba ni kile alichopewa kabla mtoto hajarudi: kukazwa moyo. Hicho alikipata mtoto akiwa bado yuko majini.

Sasa nije kwenye kliniki yenyewe, maana khofu nyingi inatoka kwenye kutoelewa tumeambiwa nini.

Vipimo vya mimba viko vya namna mbili, na mara nyingi hakuna anayekueleza kwamba viko viwili. Kuna vya kuchuja, na kuna vya kuthibitisha. Vya kuchuja ni kama picha ya kati ya wiki ya 11 na ya 14, ambapo hupimwa unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto, pamoja na damu ya mama. Na kile kipimo kipya cha damu ya mama, kuanzia wiki ya 10, kinachotafuta chembe za vinasaba zitokazo kwenye kondo la nyuma. Hivi havisemi mtoto ana kitu. Vinasema uwezekano uko wapi. Mama akipewa karatasi yenye 1 kwa 100, maana yake ni kwamba wakikusanywa wanawake 100 wenye jibu kama lake, 99 watoto wao hawana hali ile inayotafutwa. Uingereza, anayepata 1 kwa 150 au zaidi ya hapo huhesabiwa mwenye uwezekano mkubwa, na anachopewa kwanza ni nafasi ya kuzungumza na kupimwa zaidi. Na jibu dogo nalo si dhamana. Umri wa mama una sehemu yake: uwezekano wa mtoto mwenye sindromu ya Down, yaani kromosomu ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili, ni kama 1 kwa 100 mama akiwa na miaka 40, na ni mdogo sana akiwa na 20. Hata hesabu ya wiki ikikosewa, jibu nalo hupotoka, na ni wengi kwetu ambao hawana tarehe ya hedhi ya mwisho.

Kinachothibitisha ni kuchotwa maji kidogo ya chupa ya uzazi kwa sindano, kuanzia wiki ya 15, au kuchukuliwa kipande kidogo cha kondo la nyuma mapema zaidi ya hapo. Kuna khatari ya mimba kutoka, ndogo, isiyofika mmoja kwa mia akiwa na daktari mzoefu, lakini ipo, na mama ana haki ya kukubali au kukataa.

Halafu kuna ile picha kubwa ya wiki ya 18 mpaka ya 22, ambayo ndiyo wengi wetu hukutana nayo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mja mzito apigwe picha walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Hapo ndipo huonekana vitu kama kijifuko cha maji kwenye ubongo, nukta nyeupe kwenye moyo, figo iliyopanuka kidogo. Vingi vya hivi, vikiwa peke yake bila kitu kingine, huondoka vyenyewe au havina madhara. Vile vijifuko vya ubongoni mara nyingi havionekani tena mimba ikikaribia miezi saba. Ndiyo maana daktari anasema rudi: anataka kuona kama kimeondoka, kimebaki, au kimeongezeka. Wapo wahudumu wanaotamka "kuna tatizo" kisha wakamwita anayefuata kwenye foleni. Dada, usinyanyuke kwenye kiti. Uliza: kipimo hiki ni cha kuchuja au cha kuthibitisha? Mmeona nini hasa, na mnakiitaje? Kiko peke yake? Nini kitafuata, na lini? Omba viandikwe kwenye kijitabu chako cha kliniki, maana kichwa chenye khofu hakihifadhi.

Kuna wanaoisoma aya ya 34 ya Suratu Luqman kwenye baraza, kwamba ajuaye yaliyomo matumboni ni Mwenyezi Mungu, wakaitumia kumzuia mwanamke asiende kupimwa. Mimi naiamini aya hiyo herufi kwa herufi. Na kwa maoni yangu karatasi yenye 1 kwa 100 haishindani nayo hata kidogo. Inakiri kwa maandishi kwamba aliyeiandika hajui. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Mwenye kupanda mashua ya Mokowe alfajiri na kukaa ndani ya basi mpaka Mombasa ili apigwe picha nyingine, yuko kwenye njia hiyo hiyo.

Vivyo hivyo kombe. Nyumba nyingi hapa mama akiwa na khofu huandikiwa aya kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, akanywa. Sina ugomvi na anayetaka baraka ya Qur'ani. Ugomvi wangu ni na anayemwambia mja mzito kwamba akishakunywa asirudi tena kwa daktari.

Turudi kwenye aya, kwa sababu jambo nililotaka hasa kulisema liko kwenye aya ya 11. Mama huyu, moyo wake ukiwa mtupu, hakuweza kutembea na lile sanduku. Alifanya jambo moja tu. Akamwambia binti yake, dadake Musa: mfuatie.

Huyu ndiye mama aliyeahidiwa, na bado ametuma mtu akaangalie. Kwa hiyo kufuatilia hakuvunji tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kupiga simu hospitali kuuliza majibu, kurudi wiki iliyosemwa, kutafuta daktari wa pili, yote yanaingia ndani ya neno lile. Na tuangalie pia kwamba hakuenda yeye. Alikuwa hawezi. Mtu mwingine alizibeba hatua hizo kwa niaba yake.

Kisha aya inasema yule binti alimtazama kwa mbali, nao hawakujua. Hakupiga kelele ufukweni. Hakumsimulia kila aliyepita. Alikaa pembeni, jicho liko kwa mtoto, na ulipofika wakati wake, Musa alipoletewa wanyonyeshaji akawakataa, binti huyo akasema neno moja la maana: niwaonyeshe watu watakaomlea? Kwa neno hilo mtoto akarudi kifuani kwa mamake.

Mji wetu ni wa vichochoro vyembamba, habari hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Mwanamke anatoka kliniki hajafika hata msikiti wa pili, shangazi wa jirani ameshajua. Na hapo huanza: ulikula nini, ulimcheka nani, ni jicho, ni shetani, ni mtoto wa fulani yule alizaliwa hivi. Wallahi maneno haya yanaumiza kuliko sindano. Nawaomba akina bibi na akina shangazi, kwa heshima yenu yote kwetu, muwe kama dadake Musa. Mkijua, jueni kwa mbali. Mchukulie watoto wake wakubwa siku ya safari. Mtilie nauli mkononi bila kutangaza. Somo wake aende naye, akae naye kwenye foleni, aandike anayosema daktari. Asiulizwe majibu, akitaka kusema atasema.

Lipo swali zito ambalo baadhi ya dada huniuliza kwa sauti ya chini, la kuendelea na mimba au kutoendelea. Sitalijibu hapa, na sipendi lijibiwe barazani. Wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu, pamoja na hadithi ya mtoto kupuliziwa roho baada ya siku 120, na masharti yake ni mazito. Lipelekeni, wewe na mumeo, kwa mwanachuoni mwenye kuijua fiqhi, karatasi ya daktari ikiwa mkononi. Na msiombe fatwa juu ya kipimo cha kuchuja. Hukumu haijengwi juu ya dhana.

Na ikiwa mtoto atazaliwa na hali iliyokuwa ikitafutwa? Watakuwapo watoto wa namna hiyo. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi zinatibika, ndiyo faida mojawapo ya kujua mapema: mama ajue azalie wapi, nani awe karibu. Wanajifunza kusoma na kusali, kwa mwendo wao. Wanaowafungia ndani kwa haya wanadhulumu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alionywa ndani ya Suratu Abasa kwa kumkunjia uso kipofu, Ibn Ummi Maktum. Baadaye mtu huyo huyo aliadhini Madina, na Mtume aliposafiri alimwachia mji zaidi ya mara moja. Nikiwaona akina mama wanapowavuta watoto wao wasicheze na mtoto wa namna hii, nakumbuka kwamba aya zile hazikumteremkia jirani mbaya. Ziliteremka kwa kiumbe bora kuliko wote.

Neno kwa akina baba. Mkeo akikuambia alichoambiwa kliniki, usikimbilie kuuliza kwao kuna nani mwenye hali hiyo. Sindromu ya Down mara nyingi sana hutokea bila kurithiwa kwa yeyote. Nenda naye miadi inayofuata. Na wewe pia una khofu yako. Nabii Yaqub alimshitakia Mola wake huzuni yake mpaka macho yakafanya weupe, na hakuna aliyemtoa kwenye unabii kwa hilo.

Na kwa yule dada: usiku ukikuamsha, swali ulivyoweza, umekaa ikiwa mgongo unauma, hata kwa ubavu, Mtume amekuruhusu. Dua isiwe ndefu. Mtaje mtoto wako. Mwambie Mola ulichoambiwa na daktari kama ulivyoambiwa, na ulichokiogopa kama ulivyokiogopa.

Ya Rabbi, wote wanaosubiri kurudi kliniki mwezi huu, Amu, Pate, Malindi na popote walipo, wakaze nyoyo zao. Wape madaktari macho ya kuona na ulimi wa upole. Watoto walio matumboni unawajua kabla hatujawapiga picha. Walinde, na utupe sisi vifua vya kuwapokea. Amin.