Yangu iko ndani

Huu ni usiku wa tano, na bado naisikia ile "Sawa, Mzee."

Wiki ilikuwa na mambo yake. Dada kajifungua mapacha kule Mbale, mmoja wa kiume mmoja wa kike, majina mnayajua bila kuambiwa, maana mapacha huku kwetu mila ndiyo huwapa majina, na mwenye nyumba kapandisha kodi ya karakana. Mimi nimebaki na maneno mawili ya Kijana wangu, huyu ninayemfundisha kutengeneza redio.

Alhamisi katekista alileta redio yake ya mawimbi mafupi, ile aliyoifungia waya mrefu kutoka mwembeni hadi dirishani. Imekuwa kiziwi. Inawaka, inakoroma, ila vituo vya mbali havimo. Nikamwonyesha Kijana transista ya mlangoni, pale ishara inapoingilia, nikaanza somo. Mnanijua nikianza somo. Nikamwambia hata kituo kinachosikika vizuri, kile tunachokiita S9, huleta mikrovolti 50 tu mlangoni, yaani sehemu 50 za volti moja iliyokatwa mara milioni. Sasa waya kama ule, upepo wa mvua ukiupiga, hujikusanyia chaji mpaka cheche inaruka. Dawa yake ni rezista kubwa, omu 100,000 hivi, kutoka kwenye waya kwenda ardhini, chaji ivuje polepole. Halafu diodi mbili za 1N4148, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ubavu kwa ubavu, kichwa cha moja kwenye mkia wa nyingine, kama mke na mume waliolala wamenuniana. Ishara ndogo hupita bila kuwaamsha. Volti ikifika 0.6 au 0.7, upande wowote ule, mmoja wao huamka na kuimwaga ardhini.

Kijana alikuwa anakwangua lehemu ya zamani kwenye ncha ya pasi. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Na yako, Mzee, umeiwekea?"

"Yangu iko ndani."

"Sawa, Mzee."

Yangu iko ndani! Ndani ya nini? Kwani ya katekista ilikuwa wapi kama si ndani, juu ya kabati, na kitambaa cha kufuma juu yake? Kinacholeta balaa ni waya, na waya wangu uko nje kama wake, tena uko juu zaidi. Tangu siku hiyo nimetunga majibu mengine chungu nzima. "Nitaiwekea Jumamosi." "Diodi zimeisha." Hata "bado" ingenitosha. Nayatunga nikioga, nayatunga nikiwa nyuma ya boda. Na ile "sawa" haikuwa na dharau hata kidogo. Aliiweka taratibu, kama mtu anayefunika chungu cha mwenzake kilichoachwa wazi.

Jumamosi nikaiua redio yangu kwa mkono wangu.

Ningesema ni radi mngeniamini, maana huku kwetu Tororo vitabu vya hali ya hewa vinatutaja kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Wingu likisimama tu nyuma ya Mwamba wa Tororo, mimi nachomoa kebo na kuitupa nje ya dirisha. Radi yenyewe ikishuka hakuna diodi itakayoizuia, hilo silibishani na mtu. Lakini Jumamosi mbingu ilikuwa nyeupe. Nilikuwa najaribu transmita yangu ndogo ya kurushia, ya mkanda wa mita 40 wa mawimbi mafupi, wati 5 tu, na risiva, ile redio yangu ya kupokelea, nimeiacha kwenye waya wa pili, mlingoti uleule, mita nne kando. Nikabonyeza ufunguo wa Morse. Herufi tatu. Tuseme ilivuka wati 1 tu: hizo ni volti 7 kwenye mlango uliozoea mikrovolti. Risiva haikutoa moshi wala harufu. Kelele ya mkanda ikashuka, basi, kama mvua inayoondoka kwenye bati.

Mama Watoto akauliza mbona nimenyamaza. Nikasema, "Radi." Jua kali, nguo ziko kambani! Akaitikia "pole" na kuendelea na maharage yake.

Leo asubuhi nikaipeleka karakana na uongo wangu uleule. Kijana akaifungua, akaigeuza kwenye mwanga, akainusa.

"Radi ya adabu hii, Mzee. Haijaunguza hata waya mmoja."

Nilimtazama, yeye anatazama saketi. Kisha nikacheka, jamani, mpaka muuza chapati akachungulia. Nikamweleza yote, na ile "iko ndani" pia. Kumbe hata haikumbuki.

Tukashinda nayo. Transista ya J310 ilikuwepo kwenye kopo la Blue Band. Tukaweka rezista, tukaweka diodi, na Kijana akaja na la kwake: balbu ya taa ya nyuma ya baiskeli, volti 6, miliampea 100, ikae njiani kabla ya diodi. Ikiwa baridi, ishara hupita. Mkondo ukizidi, balbu inawaka na kubeba mzigo, au inakatika yenyewe na diodi inapona. (Itunzeni mkiipata. Tochi za siku hizi ni LED tupu.) Jioni tukafunga nyaya zote mbili makusudi. Nikabonyeza ufunguo, na ile balbu ikawaka. Nukta, ikapepesa. Mstari, ikakaa. Kijana alikuwa anasoma herufi zangu kwenye balbu, midomo inacheza, na risiva ikabaki hai. Stesheni kubwa mbili za jirani ya mkanda zinaingiliana kidogo, kazi ya diodi hizohizo zikichokozwa na ishara nzito. Kesho tutaziunga mbilimbili kila upande, zisubiri mpaka volti 1.2.

Nilikuwa bado nacheka peke yangu Mama alipopiga simu. Anafurahia wajukuu, akauliza ni wa kiume au wa kike. Nikamwambia mmoja na mmoja. Akashukuru Mungu, tukaongea mihogo, tukaongea kuku aliyepotea. Kisha akauliza, kwa furaha ileile, ni wa kiume au wa kike.

Nikamjibu tena. Ijumaa anapanda taksi ya Mbale peke yake.