Sindano ya kila wiki nne: ninavyowahudumia watoto wa moyo Kisumu

Kwenye kliniki ya moyo ya watoto hapa Kisumu, kazi inayonichukulia muda mwingi kuliko zote ni sindano moja: penisilini ya benzathini, kila baada ya siku 28, kwa mtoto aliyewahi kuugua homa ya rumatiki au ambaye vali za moyo wake, yaani vile vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma, zimeanza kuharibika. Upasuaji wa vali unafanyika mbali, Tenwek kule Bomet au Nairobi, na foleni yake ni ndefu. Sindano inapatikana hapa hapa. Ikitolewa kwa wakati na kwa mkono mzuri, inaweza kumwepusha mtoto na ile foleni. Kwa hiyo nimejifunza kuipa heshima ya matibabu ya moyo yaliyo kamili, si sindano ya kupitishia tu.

Ugonjwa huanzia kooni. Bakteria wanaoitwa streptokoka kundi A humletea mtoto koo kuuma na homa. Wiki mbili au tatu baadaye, kinga ya mwili iliyoamka kupambana nao hugeuka na kushambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Magoti na vifundo vya miguu hupona. Vali hubaki na kovu, hasa ile ya mitrali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu. Penisilini haitengenezi vali iliyoharibika. Kazi yake ni kuwaua wale bakteria kabla hawajaamsha kinga tena. Hili nalieleza polepole kwa kila mzazi, kwa sababu mtoto huonekana mzima, anacheza mpira, na mama anauliza kwa haki kabisa: "Sista, mbona tunamchoma na haumwi?"

Kuhesabu siku ndiko wengi wanakoteleza. Kadi ikiandikwa "kila mwezi", mtoto hupata sindano 12 kwa mwaka. Kila siku 28 ni sindano 13. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini dawa huwa imepungua sana kwenye damu kuanzia wiki ya tatu, na zile siku mbili tatu za mwisho wa mwezi wenye siku 31 mtoto anakaa bila kinga. Mimi huandika siku ya juma: aliyeanza Jumanne, sindano zake zote ni Jumanne. Mzazi hukumbuka "Jumanne ya nne" kirahisi kuliko tarehe. Siku ya 21 namtumia ujumbe, na kuanzia hapo mlango uko wazi. Siku ya 28 ni ukomo. Mtoto aliyepata shambulio jipya huku akichomwa kila wiki nne bila kukosa, daktari humhamishia kila wiki tatu.

Kipimo kinafuata uzito. Kuanzia kilo 30 ni yuniti milioni 1.2, chini ya hapo ni laki sita. Mwongozo wa chama cha moyo cha Marekani hukata kwenye kilo 27, kwa hiyo usishangae ukiona kadi ya hospitali nyingine ikitofautiana kidogo. La muhimu ni kumpima kila anapokuja. Mtoto aliyeanza na kilo 26 huvuka mpaka akiwa darasani, na asipopimwa ataendelea kupewa nusu ya dawa anayohitaji.

Sasa dawa yenyewe. Ni unga mweupe wa chembechembe ambazo haziyeyuki majini, huelea tu. Hapo ndipo shida zake zote zinapotoka. Kabla ya kutia maji, nagonga chupa kiganjani ili unga ulioganda chini uachie. Kiasi cha maji hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo nafuata karatasi iliyomo kwenye boksi. Natikisa hadi isibaki hata donge moja. Unga wenyewe una ujazo wake, hivyo ukitia mililita nne za maji, utakachovuta ni zaidi ya nne. Mtoto anayehitaji nusu ya chupa, navuta yote kwenye bomba, nasoma jumla, ndipo nagawa kwa mbili. Anayetoa nusu ya maji aliyotia anampunja mtoto. Kinachobaki kinamwagwa, maana dawa haina kihifadhi cha kuifanya ikae hadi kesho.

Sindano ni ya kijani, namba 21. Ya bluu, namba 23, inavutia kwa sababu ni nyembamba na mtoto akiiona haogopi sana, lakini dawa hii ya unga huiziba. Navuta kwa sindano moja, nachoma kwa nyingine mpya. Baada ya kuvuta sisimami kuongea na mtu. Chembe huanza kutuama ndani ya bomba. Ikiziba ukiwa umeshachoma, usisukume kwa nguvu, kwani sindano inaweza kuchomoka kwenye bomba na dawa kumwagika yote. Itoe, badilisha, anza upya upande wa pili. Sukuma polepole bila kukatiza, kwa dakika mbili hivi. Haraka ndiyo inayomfanya mtoto achechemee siku mbili, na mtoto aliyechechemea siku mbili ndiye atakayejificha nyuma ya nyumba Jumanne ijayo.

Kwa sababu hiyo maumivu nayahesabu kuwa sehemu ya matibabu. Daktari akiidhinisha, sehemu ya maji nabadilisha na dawa ya ganzi, lignokeini ya asilimia 1 isiyo na adrenalini. Utafiti umeonyesha kwamba haipunguzi kiwango cha penisilini kwenye damu. Ukomo wa ganzi ni miligramu 3 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 20 asizidi miligramu 60, yaani mililita 6 za asilimia 1, na sisi hutumia chini ya hapo kwa mbali. Mtoto mwenye historia ya kudhurika na ganzi, au mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo, hapewi. Spiriti iache ikauke kabla ya kuchoma. Bonyeza mahali pa kuchoma kwa kidole gumba sekunde kumi. Mpe mtoto kazi ya mdomo: apulize, ahesabu, aimbe. Badilisha upande kila safari na uandike kwenye kadi kama ni kulia au kushoto.

Kwa watoto wadogo nachoma paja, upande wa nje, katikati. Kwa wakubwa napendelea ubavu wa nyonga kuliko tako, kwa sababu mshipa mkubwa wa fahamu haupiti pale. Kwa nyonga ya kushoto tumia mkono wa kulia: kiganja juu ya mfupa unaochomoza pembeni mwa paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kidole cha kati ukitandaze kuelekea nyuma. Kati ya vidole viwili, hapo. Vuta kidogo kwanza uone kama damu inarudi, ikirudi, toa. Dawa hii ikiingia kwenye mshipa wa damu ni hatari ya kifo.

Hofu ya mzio ipo, hata kwa wahudumu wenzangu, na kuna vituo ambavyo hukataa kuchoma kwa sababu hiyo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 1991 ulifuatilia wagonjwa 1,790 waliopata sindano 32,430. Mzio mkali ulitokea mara nne, na mmoja alifariki. Kwa hiyo upo, lakini ni nadra. Adrenalini, dawa ya kumwokoa mwenye mzio mkali, huwa mezani kabla sijafungua chupa ya penisilini, na kipimo cha kila mtoto kimeandikwa juu ya kadi yake: mililita 0.01 kwa kilo ya ile ya 1:1000, ndani ya paja. Kilo 20 ni mililita 0.2. Mtu hapigi hesabu vizuri mtoto akiwa anakoroma kwa kukosa pumzi.

Kuna jambo jingine ambalo lilieleweka vizuri zaidi kupitia tahadhari ya chama cha moyo cha Marekani ya 2022. Baadhi ya vifo vilivyoitwa mzio vilikuwa vya moyo wenyewe. Mtoto mwenye vali iliyobana sana au moyo uliochoka akipata maumivu na woga, mapigo hushuka, shinikizo la damu huanguka, na moyo ule hauna akiba ya kujiinua. Huanguka ndani ya dakika chache bila vipele wala kifua kubana. Hao nimewatenga kwenye daftari lao: vali iliyobana vikali, inayovuja vikali, moyo unaosukuma kwa udhaifu, mtoto anayehema akitembea hatua chache. Daktari huwaweka kwenye vidonge, penisilini V miligramu 250 mara mbili kwa siku. Wengine wote huja wakiwa wamekula, hata kikombe cha uji, na wamekunywa maji. Kijana mkubwa nusu lita. Huchomwa wakiwa wamelala, hubaki wamelala robo saa, kisha hukaa hadi nusu saa itimie. Mtoto aliyetoka Seme alfajiri kwa matatu bila chai simchomi hadi ale.

Kwenye stoo, angalia majina. Benzathini si ile penisilini ya kawaida ya wodini tunayoiita X-pen, ambayo huisha mwilini baada ya saa chache. Boksi hufanana, majina hukaribiana, na mtoto aliyepewa ile nyingine ni kama hakuchomwa. Benzathini ikikosekana, huwa naulizia kliniki ya wajawazito, kwa sababu ndiyo dawa ya kaswende na mara nyingi wao wanayo, katika chupa za milioni 2.4. Isipopatikana kabisa, mtoto hupewa vidonge hadi ije. Naagiza kwa hesabu ya watoto wote mara mbili, ili nianze mwezi nikiwa na akiba ya mwezi unaofuata.

Familia za ziwani huhama na samaki. Mtoto anayeanza Dunga anaweza kuwa Usenge muhula ujao, au bweni Maseno. Nachukua namba tatu za simu: ya mzazi, ya jirani, ya mwalimu. Kwa mtoto anayekaa mbali, dispensari ya karibu naiandikia barua yenye jina la ugonjwa, kipimo, namna ya kuchanganya na tarehe ya sindano ya mwisho, na mtoto namkabidhi kwa mhudumu wa pale kwa simu, kwa jina, mzazi akisikia. Asipofika ifikapo siku ya 26, mhudumu wa afya ya jamii hupita nyumbani.

Ugumu wa kwetu huku magharibi katika kuutambua ugonjwa huu ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto wa selimundu huumwa mifupa, hupata homa, na upungufu wa damu humpa sauti ya ziada kifuani ambayo stetoskopu itaikamata kama ya vali. Maumivu ya rumatiki huhama kutoka kiungo kikubwa kimoja hadi kingine na hutulia haraka kwa aspirini. Ya selimundu hukaa mgongoni, kifuani au kwenye mifupa mirefu. Hata hivyo sauti pekee haitoshi. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndiyo inayoamua, na simwanzishii mtoto safari ya miaka bila hiyo.

Na ni safari ya miaka kweli. Ambaye moyo haukuguswa: miaka 5 au hadi afike 21, lolote lililo refu zaidi. Moyo uliguswa ukapona: miaka 10 au hadi 21. Vali ikibaki na kasoro: miaka 10 au hadi 40. Mzazi namwambia muda wote siku ya kwanza.

Kwa wale ambao eko imeona dalili za mwanzo kabla hawajaumwa, kwa muda mrefu hatukuwa na uhakika kama sindano inasaidia. Jibu lilitoka jirani, Gulu nchini Uganda, katika utafiti wa GOAL uliochapishwa 2022. Kati ya watoto 818, baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Walichomwa kila wiki nne, huku vikundi vya watoto na wazazi vikiwashika mkono. Huko Australia na New Zealand wanajaribu kipimo kikubwa kinachowekwa polepole chini ya ngozi ya tumbo, kikae takriban miezi mitatu. Nausubiri kwa hamu ushahidi wa kukileta kwetu.

Mtoto aliyekosa hachomwi mara mbili kufidia. Anachomwa leo, na siku 28 zinaanza kuhesabiwa leo. Kabla ya kuchoma namuuliza kuhusu koo, homa, viungo, kukosa pumzi usiku, mikono inayochezacheza yenyewe. Jibu lolote la ndiyo, anaonwa na daktari siku hiyo hiyo na eko inarudiwa.