Nilivyoipata B ya Kemia kwa jezi za timu

Aliyeanza ni baba mdogo. Kidato cha tatu nilipata 22 kwenye Kemia, akaja kwetu Ujiji, akaitazama ripoti na kumwambia mama, "Shemeji, mpira utammaliza huyu. Mnyang'anye viatu." Njumu zenyewe nilinunua mtumba soko la Mwanga, elfu kumi na tano hivi, hela ya kubeba dagaa Kibirizi. Zikafungiwa kabatini.

Muhula mzima nikawa mtu wa vitabu tu. Jioni wenzangu wako mazoezini, mimi niko darasani nasikia filimbi, macho kwenye ukurasa uleule. Usiku nikafuata ushauri ambao kila mtu anao: tia miguu kwenye beseni la maji ya baridi, usingizi hauji. Wallahi unakuja. Saa nane nikasinzia palepale kwenye kiti, nikaota nimemiminiwa pasi safi pembeni kushoto, nikaachia shuti. Beseni likapinduka, maji yakalifikia daftari la Historia nililoazima kwa msichana mmoja anayeandika kwa wino wa rangi tatu. Ukurasa ulioloa kuliko yote ulikuwa wa Vita vya Majimaji. Alinitania kwa hilo hadi tunamaliza shule.

Matokeo ya muhula: Kemia 19. Mama akafungua kabati, shemeji yake hakuambiwa.

Sasa elementi ishirini za kwanza zilikuwa zimenishinda kabisa. Siku moja tunavaa jezi, nikaona namba ya mgongoni ndiyo namba ya atomu! Kipa namba 1, Haidrojeni. Namba 8, Oksijeni. Mimi winga, 11, Sodiamu. Namba 10 wetu alikuwa mchoyo, anakokota hadi anapokonywa. Basi Neoni huyo, haungani na mtu. Kipa wa akiba, 18, Agoni, mwaka mzima mpira haukumgusa. Na 17, Klorini, akiingia kutoka benchi tunaelewana mno, nampa, ananirudishia. Sodiamu na Klorini zikiungana ni chumvi ya mezani, basi tukajiita Chumvi ya Uvinza. Mwalimu wa michezo alidhani tumerogwa, mazoezini tunaitana Kaboni, Potasiamu, Kalsiamu. Lakini hadi beki asiyejua kusoma saa alizijua zote kwa mpangilio.

Kusoma nilihamishia alfajiri, kabla ya adhana, kwa sababu baada ya mazoezi nilikuwa nalala kama gogo. Ukicheza, usijidanganye na prepo ya usiku.

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tulitolewa kwa penalti, na aliyekosa ni mimi, naomba tusiendelee hapo. Kidato cha nne nikapata divisheni two ya pointi 20. Kemia B. Hesabu D, jezi hazikunisaidia huko.

Baba mdogo alisema, "Unaona? Nilikwambia uache mpira." Mama akacheka hadi akakaa chini.

Klorini siku hizi anauza migebuka Kibirizi. Nikipita, hata niwe na wakwe, anapaza sauti: "Sodiamu! Njoo tuungane!"