Bei ya orakoli imelinganishwa na nini?

Kazi yangu ni takwimu. Nikipewa utafiti unaosifia usahihi wa mitandao ya orakoli, ile inayoingiza bei za nje kwenye blokucheni (daftari la pamoja la kidijitali ambamo miamala ya sarafu za kidijitali huandikwa), naruka muhtasari na kwenda moja kwa moja kwenye mbinu. Bei imelinganishwa na nini? Ikiwa ni na masoko yaleyale ambayo orakoli huchotea bei zake, hayo ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani.

Chukua Novemba 2020. DAI, sarafu ya kidijitali inayokusudiwa kubaki dola 1, ilipanda hadi karibu dola 1.30 kwenye soko la Coinbase Pro. Orakoli ya Compound, jukwaa la kukopeshana sarafu za kidijitali, ikapeleka bei hiyo; madeni ya DAI yakaonekana makubwa mno kwa dhamana zilizowekwa, na dhamana za wakopaji zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 80 zikauzwa kwa lazima. Kwa kipimo cha uaminifu kwa chanzo, orakoli ilikuwa sahihi. Kwa wakopaji wale, je?

Mei 2022, sarafu ya kidijitali LUNA ilipoporomoka, bei yake iliyotolewa na Chainlink, mtandao wa orakoli, ilikwama karibu dola 0.107 huku sokoni ikizidi kushuka. Watu wakaweka LUNA isiyo na thamani kama dhamana kwenye Venus, jukwaa jingine la mikopo, na kukopa kwa bei hiyo iliyokwama. Hasara ikafika takriban dola milioni 11. Wastani wa mwaka mzima huzimeza saa kama hizo, na ndizo ninazotaka kuziona kwenye jedwali.

Tena, mtafiti mwenye tokeni (sarafu) za mtandao anaoupima aseme hivyo ukurasa wa kwanza, asitufichie kwenye tanbihi.